Moshi wa Kwetu

Kituo cha mlimani
Ijumaa, 7 Machi

Dada Bi Mawingu,

Shikamoo. Ningeanza na "mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni wewe", lakini mtambo wetu hapa una choyo. Unatuma vipimo vya hewa kwanza, na barua zetu zinapanda mwishoni kama abiria asiye na tiketi. Hakuna simu, hakuna picha. Maandishi tu, mara moja kwa siku, adhuhuri. Kwa hiyo chiriku wako amefundishwa kufupisha maneno. Cheka sasa.

Nimezoea. Kilele hiki kina nyumba moja ya mabati, matangi ya maji, mimi na Kobe. Kobe ndiye mkuu wangu. Anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu, hata meli. Chini yetu kuna mawingu, chini ya mawingu kuna kisiwa, na baada ya kisiwa ni bahari mpaka macho yachoke. Kazi ni ileile. Asubuhi naweka karatasi nyeupe ya kichujio kwenye pampu, pampu inavuta hewa kutwa, kesho yake naitoa kwa kibano na kutazama dunia imetutupia nini. Mara nyingi haijatupa kitu. Kobe anasema hapa ndipo hewa inapokuja kupumzika.

Juzi, lakini, kichujio kilitoka na rangi ya kutu. Ni lile vumbi lako la jangwani. Ulisema litafika Jumatano, likafika Jumatano. Nililipapasa kwa kidole: laini kuliko unga. Nikawaza, mchanga huu wiki iliyopita mbuzi walikuwa wanaukanyaga, leo uko kwenye ukucha wangu katikati ya bahari. Wewe huko unaona rangi ya waridi tu kwenye kioo cha kompyuta. Mimi naligusa. Nani kati yetu ana bahati?

Meli itatufuata mwisho wa mwezi ujao. Ukimpigia Baba mwambie asisahau dawa ya moyo, na lile jambo letu liko palepale. Usiulize ni jambo gani.

Mdogo wako,
Chiriku


Chumba cha picha za setilaiti
Jumamosi, 8 Machi, asubuhi

Chiriku,

Marahaba, mdogo wangu. Usiidharau rangi yangu ya waridi.

Hebu nikueleze kilichonipata wiki ile vumbi lako lilipoinuka. Mapazia ya chumba hiki huwa yamefungwa ili tuone vizuri, kwa hiyo mtu akiingia anadhani tunalala. Setilaiti imening'inia mbali huko, inazunguka sawasawa na dunia, na kila baada ya dakika chache inatuletea uso mzima wa dunia upande huu. Asubuhi ile jangwani palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa ukucha. Nikaenda kuchukua chai. Niliporudi mkwaruzo umekuwa mkia. Kufika mchana ni pazia lenye ukubwa wa nchi, linatembea, linaingia baharini bila kujali pwani iko wapi. Hakuna aliyelisukuma. Hakuna aliyeliita. Nimefanya kazi hii miaka yote hii, na bado nilisimama kama mgeni. Kumbe wewe ukalipangusa kwa kidole! Haya, bahati ni yako.

Baba nimempigia jana. Anasema joto limepita kiasi, na upepo unavuma kutoka bara kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Nikamwambia aende akae kwa binamu ng'ambo ya mto mpaka hali itulie. "Mimi si gunia," akasema, "la kuhamishwahamishwa." Unamjua. Nilipomuuliza "lile jambo lenu" ni lipi, akajifanya hasikii kwa sababu ya sikio lake bovu. Simu alikuwa ameiweka kwenye lile zima.

Dada yako


Chumba cha picha za setilaiti
Jumatatu, 10 Machi

Chiriku,

Samahani kwa kimya cha jana. Kazi ni nyingi.

Kwa taarifa ya kituo: moshi mkubwa umeondoka bara juzi mchana. Moto wenyewe ulijenga wingu la radi na kuurusha moshi juu kuliko zinakopita ndege za abiria. Upepo wa juu umeuchukua. Utakuwa kwenu kesho asubuhi. Pimeni urefu wake kwa leza mfululizo, na mwandae vichujio vya akiba. Marubani wanangoja vipimo vyenu, na hospitali za pwani ya pili, ng'ambo ya bahari, pia.

Kula vizuri. Vaa sweta.

Dada yako


Kituo cha mlimani
Jumanne, 11 Machi

Dada,

Jua limetoka la buluu!

Sijalewa. Muulize Kobe, ambaye naye hajalewa. Tulitoka asubuhi kuelekeza leza juu, na kule upande wa mashariki mbingu ilikuwa na rangi ya shaba iliyofubaa. Tukasubiri. Jua lilipochomoza juu ya mawingu halikuwa jekundu wala la manjano. Lilikuwa buluu, Dada, buluu iliyopauka, na unaweza kulitazama kwa macho matupu kama unavyotazama mwezi. Mabati ya nyumba yetu yakawa buluu. Mikono yangu ikawa ya mtu mwingine. Kobe alivua kofia, akakaa kwenye jiwe, akasema polepole, "Miaka yangu yote nilisikia habari zake. Nilidhani ni uongo wa mabaharia."

Hatukufanya kazi kwa muda. Niandike ukweli: nilitokwa na machozi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii, na sijui nimshukuru nani.

Sasa vipimo. Leza inaonyesha tabaka nene huko juu kabisa, kama ulivyosema. Lakini mkia wake mmoja umeshuka, na mchana huu umefika kilele chetu. Kichujio cha asubuhi nimekitoa bila kungoja kesho, cheusi tii. Masizi matupu. Na kuna harufu. Baada ya bahari yote hiyo, bado kuna harufu ya majani yaliyoungua. Nilivuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika sokoni.

Umesahau kuandika moshi umetoka moto gani. Kobe anataka kujaza taarifa. Na hiyo habari ya sweta? Hujaniambia hivyo tangu nilipokuwa darasa la kwanza. Una nini?

Chiriku


Chumba cha picha za setilaiti
Jumatano, 12 Machi

Chiriku,

Nimefurahi umeliona jua hilo. Inatokea mara chache sana, pale chembe za moshi zinapokuwa za ukubwa mmoja. Zinatawanya wekundu na kuuachia ubuluu upite. Wengi wa kazi yetu wanastaafu hawajaliona.

Mioto ni mingi na imeungana. Mahali ilipoanzia mtaletewa baadaye. Kwa sasa Kobe aandike "bara".

Baba sijampata. Simu za kule hazishiki, mnara una hitilafu.

Dada yako


Kituo cha mlimani
Jumatano, 12 Machi, mchana

Dada,

Kobe amefungua njia ya dharura ya mtambo ili barua hii iondoke sasa hivi. Nijibu kwa njia hiyohiyo.

"Bara" ni jibu la mtu anayeficha kitu. Wewe ambaye unaweza kumwambia mtu vumbi lake limetoka bonde lipi, leo unaniandikia "bara"?

Nilitandika ramani mezani. Nilichukua upepo wa juu wa jana, nikarudi nyuma nao kwa penseli. Halafu wa juzi. Halafu wa siku zilizotangulia, mpaka Jumamosi. Penseli ikavuka bahari, ikapanda pwani, ikapita mji wako, ikafuata mto. Nikaona inakoelekea, nikasema nimekosea. Nikafuta. Nikaanza upya na Kobe akinisomea tarakimu kwa sauti, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Penseli ikaenda palepale. Kobe akaacha kusoma. Akaniuliza, "Hapo ni wapi?"

Nikamwambia hapo ni kwetu.

Jana nilisimama nje nikalia kwa uzuri wa jua. Nilivuta harufu ile ndani. Na wewe ulijua. Ukaniambia nivae sweta.

Baba yuko wapi?

Mdogo wako


Chumba cha picha za setilaiti
Jumatano, 12 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Sijui Baba yuko wapi.

Nitakwambia yote. Jumamosi, nikiwa nimetoka tu kukutumia barua, alama ya joto ilitokea nyuma ya mlima wetu. Nukta moja. Niliwapigia zimamoto, halafu Baba. Akapokea mara moja. "Moshi nauona, mwanangu." Nikamwambia toka, panda basi, sasa hivi. Nilipompigia tena baadaye akasema, "Mabasi mawili tu yamekuja, na yamejaa. Wagonjwa na wenye watoto watangulie. Mimi nina kazi kidogo." Simu ikakatika, na haijashika tena.

Kisha nikaona kile ambacho natamani nisingekiona, na ambacho sitakisahau. Moshi ulikuwa umelala chini, wa kijivu, unakimbia na upepo. Ghafla katikati yake kikatokea kitu cheupe. Picha iliyofuata, kimefura kama maziwa yanayochemka kufurika sufuria. Iliyofuata, kimepita mawingu yote na kinatupa kivuli chake juu yao. Moto ulikuwa umejitengenezea mvua yake, radi zake, upepo wake. Chumba kizima kilisimama. Mwenzangu mmoja akasema "Loo, tazameni!", kwa sauti ile ya mtu aliyeona maajabu, na sikumlaumu. Lilikuwa zuri. Lilikuwa jeupe kuliko kitu chochote duniani siku ile. Na chini yake palikuwa na nyumba yetu.

Nilikaa nikaandika taarifa. Niliandika urefu, mwelekeo, kasi. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Mkuu wa zamu akaniambia niende nyumbani. Nikamuuliza nyumbani gani? Daraja limeanguka, barabara ya juu imezibwa na miti inayoungua. Hapa kwenye kioo ndipo nilipo karibu na Baba kuliko popote.

Nimepiga simu makambi yote ya waliookolewa. Hayumo. Wakubwa wanasema bonde ni tupu, kila mtu alitoka na mabasi. Moshi umefunika kila kitu. Nimepekua barabara yote, kila moshi ulipoacha mwanya, kwa zile setilaiti ndogo zinazopita chini zaidi, nikitafuta hata gari lililokwama. Hakuna.

Kwa nini nilikuficha? Nilitaka habari ikufikie ikiwa na mwisho wake. Uko juu ya jiwe katikati ya bahari, ungefanya nini zaidi ya kujitesa? Kila siku nilisema kesho nitakuwa na jibu. Halafu ukaniandikia kuhusu jua la buluu, ukiwa na furaha vile, nikashindwa kukunyang'anya.

Dada yako


Kituo cha mlimani
Jumatano, 12 Machi, jioni

Dada,

"Nina kazi kidogo." Hiyo kazi naijua!

Lile jambo letu ni hili. Kuna greda bovu liliachwa kwenye machimbo ya kokoto na watengeneza barabara, unalikumbuka, lile la manjano. Likizo iliyopita mimi na Baba tulilifufua. Alisema mtu aliyeendesha greda maisha yake yote hawezi kukaa barazani akihesabu vidonge. Akanizuia kukwambia kwa sababu ulimkataza kugusa mashine tangu moyo ulipomsumbua. Kila jioni alikwenda kuliwasha, eti lisisahau.

Baba hakukimbilia barabarani. Baba alikwenda machimboni. Moto hauli kokoto, na yeye anajua hivyo. Wewe umekuwa ukitafuta barabarani kwa sababu sisi tulikuficha greda, na mimi nimekaa kimya hapa kwa sababu ulinificha moto. Angalia tumefanyiana nini.

Nisamehe, nami nimekusamehe, tuyaache hayo. Acha kulia. Wewe ndiye mwenye macho. Si uliwahi kuniambia kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kwake moshi ni kama dirisha? Tazama machimbo kwa mwanga huo.

Chiriku


Chumba cha picha za setilaiti
Alhamisi, 13 Machi, saa nne asubuhi

Chiriku,

Safari hii sisubiri mwisho. Nakuandikia jambo likiwa bado linaendelea.

Setilaiti moja ya chini imepita juu ya bonde asubuhi hii. Nimeifungua picha yake kwa ule mwanga unaopenya moshi. Mara moshi wote ukatoweka, kama mtu aliyefunua shuka, na bonde likawa uchi mbele yangu. Ardhi iliyoungua ni nyeusi kama chungu. Kandokando moto bado unakula, unang'aa kama makaa. Nyumba zetu ni alama tu. Sikukaa hapo. Nikaenda machimboni.

Machimbo yamepauka, hayajaungua. Na kuyazunguka, mdogo wangu, kuna duara. Pana, limefungwa vizuri, jeupe kwenye weusi, kama mtu amezungusha kidole kwenye unga. Nikafungua picha ya wiki mbili nyuma. Duara halikuwepo.

Nikampigia kamanda wa zimamoto. Akasema, "Dada, bonde lile halina mtu." Nikamwambia, "Sawa. Basi nani amechora?" Nikasikia kiti kinasogezwa. Akasema, "Nitumie hiyo picha."

Helikopta iko tayari ila rubani haoni mahali pa kushukia. Lakini mimi naona. Kuna tundu kwenye moshi, upande wa magharibi, na upepo unalisogeza. Katika kila picha linajongea kidogo. Likiendelea hivi litapita juu ya machimbo kabla ya saa sita. Nimeshika simu ya rubani kwa mkono mmoja, nakuandikia kwa mwingine. Chumba kizima kimesimama nyuma ya kiti changu.

Tundu linasogea. Naituma hii sasa.

Dada


Wodini
Jumatatu, 17 Machi

Wanangu wawili,

Muuguzi amenipa kalamu na karatasi ili ninyamaze. Anasema kifua kinataka mapumziko na mimi nakipa hotuba. Bi Mawingu ataipiga chapa barua hii na kuituma kule mlimani.

Kwanza, niko hai. Pili, yule muuguzi ni mkali. Tatu, tulikuwa watu ishirini na wawili tuliobaki baada ya mabasi, wengi wazee kama mimi, ambao hatupendi kubanana. Niliwaambia nifuateni. Fundi viatu akauliza, "Kwenda wapi?" Nikamwambia kwenda pasipo na cha kuungua. Greda liliwaka mara ya kwanza. Chiriku, ile pampu ya dizeli uliyoitengeneza, Mungu akubariki.

Nilishusha bamba la chuma nikaanza kukwangua. Mzunguko mmoja, halafu wa nje yake, halafu wa nje tena, mpaka udongo mtupu ukawa mpana kuliko barabara kuu. Watu walikaa katikati, kando ya bwawa la machimbo, wakajifunika nguo zilizoloa. Nilipomaliza, mchana ulikuwa umegeuka giza. Nasema giza. Sikuona mikono yangu kwenye usukani.

Sikio langu bovu halijasikia kitu miaka mingi. Siku ile lilisikia. Moto haukuja kama moto. Ulikuja kama mlima unaotembea. Ulitupita pande zote mbili na juu, kwa sababu cheche zilikuwa zinasafiri hewani kama mto unaopita juu ya paa. Radi zilipiga ndani ya moshi. Na kisha mvua, matone machache, meusi, ya moto kidogo. Hakuna aliyepiga kelele. Mkunga alikuwa ananishika mguu pale kwenye ngazi ya greda na mimi sikumwambia aachie. Sikuzima injini. Nilitaka watu wasikie sauti moja wanayoijua.

Nimeishi miaka sabini nikidhani naijua ardhi kwa kuwa nimeilaza na kuisawazisha. Siku ile niliona kwamba nilikuwa naikuna tu ngozi.

Ulipopita, tulijikuta tumesimama kwenye sahani nyeupe katikati ya dunia nyeusi. Maji ya bwawa tulichuja kwa kitambaa. Chakula kilikuwa unga wa walinzi wa machimbo. Kutoka hatukuweza, miti ilikuwa inaanguka kila upande. Fundi viatu hakuamka siku ya tatu. Moshi ulikuwa umemjaa. Tulimzika ndani ya duara, nikamsawazishia udongo kwa greda, taratibu, kwa dizeli ya mwisho.

Halafu Alhamisi mbingu ikatoboka. Ni kweli nawaambia, tundu lilifunguka juu yetu, jua likashuka kama ngazi, na ndani ya lile jua helikopta. Rubani akaruka chini akasema, "Kuna dada mmoja ofisini ametuambia mpo." Nikamwambia, "Huyo si dada mmoja. Huyo ni binti yangu."

Nyumba hakuna. Kaburi la mama yenu lipo. Jiwe limekuwa jeusi, tutaliosha. Na kuhusu siri zenu na zangu, wote watatu tumechapwa fimbo moja, yatosha. Muuguzi anakuja. Nalala.

Baba yenu


Chumba cha picha za setilaiti
Alhamisi, 27 Machi

Chiriku,

Leo nimemleta Baba kazini. Anaishi kwangu sasa, na nyumba yangu yote ina vitasa vinavyofunga vizuri. Hakuna kitu amekiacha bila kukitengeneza.

Nilimweka kwenye kiti changu, nikamwonyesha picha za Jumamosi ile kuanzia nukta ya kwanza. Alitazama wingu linavyozaliwa. Alinyoosha kidole akagusa kioo, pale chini ya weupe, akasema, "Tulikuwa hapa." Ndipo nikamwonyesha yaliyofuata. Moshi unaingia baharini. Moshi unapita juu yako, siku ya jua la buluu. Unafika pwani ya pili, unavuka milima yake, unakuwa mwembamba, unavuka bahari nyingine, unapita juu ya miji ambayo hata sisi hatujui kutamka majina yake. Nimeufuata kila siku, mdogo wangu. Sikuweza kuuacha. Umeizunguka dunia. Leo unarudi kwetu kutoka upande wa pili, uzi tu, juu kabisa, na kesho utapita tena juu ya kilele chenu.

Baba aliuliza, "Hizi zote ni nchi za watu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na wanauvuta?"

Nikamwambia karibu wote umewapita juu, lakini mahali fulani umeshuka, na watu wamekohoa, na watoto wamezuiwa kucheza nje.

Macho yake yalikuwa yanazunguka na ule uzi, anaurudisha, anaurudia. Nilidhani anaiwaza nyumba. Akasema, "Wale hawatujui. Wamewashwa macho kwa sababu yetu, na hakuna aliyewaambia neno. Hivi watu wanaishi hivyo?"

"Nifanyeje, Baba?"

"Si unaandika taarifa, inakwenda kwa wote hao? Waambie pole."

Nilitaka kumweleza kwamba taarifa ni ya urefu na kasi na mwelekeo. Lakini alikuwa ameshavua kofia, ameiweka magotini, anangoja. Kwa hiyo mwisho kabisa, pale pa maoni, niliandika: *Moshi huu ulitoka bonde la kwetu. Wenyeji wake wanawapa pole.* Mkuu wa zamu aliisoma. Akaniangalia, akamwangalia Baba. Kisha akaituma kwa vituo vyote.

Dada yako


Kituo cha mlimani
Ijumaa, 28 Machi

Dada, na Baba,

Shikamooni.

Umefika. Asubuhi hii leza imeuona, tabaka jembamba kama ukucha, juu sana, unaingia kutoka magharibi. Kwa macho huwezi kuuona. Kobe alilala chali kwenye mwamba hata hivyo, mikono nyuma ya kichwa, akitazama pale leza inapoelekea, nami nikalala kando yake. Mbingu ilikuwa safi kama siku nyingine yoyote. Moshi wa kwetu ulikuwa unatupita juu, umetoka kuitembea dunia yote, na ulikuwa hauna sauti.

Kichujio kimetoka cheupe.

Taarifa yenu tumeipokea. Kituo cha ng'ambo kimejibu, na cha barafuni, na kile cha baharini ambacho hakijawahi kutuandikia kitu ila tarakimu. Kobe amenituma niandike kwa niaba ya hapa.

Baba, asante. Tumeshapoa.

Chiriku